Jinsi ya kuandaa mashindano ya muziki ya vijana masika yakiwa yamechachamaa

MWEZI wa Mei unapobisha hodi, upepo wa kusi huwa umekwishashika usukani katika Pwani ya Kusini. Mawingu mazito hutanda kutoka baharini, na njia za mchanga na udongo zinazoiacha barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga kuelekea vijiji vya Bongwe, Gombato na viunga vya Ukunda hugeuka vidimbwi. Mvuvi huivuta ngalawa yake nchi kavu, mkulima hushukuru, na mwenye hoteli huko Diani huhesabu vyumba vitupu.

Katika mwezi uo huo, vijana wa eneo hili hutakiwa kuimba.

Kalenda ya shule nchini Kenya huufungua muhula wa pili mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Muhula wa kwanza huwa umetengewa tamasha za drama. Wa pili ni wa muziki. Kwa sababu hiyo, duru za chini za Tamasha za Muziki za Kenya, ambazo chimbuko lake ni mwaka wa 1927, hufanyika wakati ambapo Pwani inapata mvua nyingi kuliko msimu mwingine wowote. Mashindano ya vijana walio nje ya shule, yawe ya kwaya, taarabu, ngoma za asili au muziki wa kizazi kipya, nayo huelekea kufuata mkondo huo, kwa kuwa waimbaji, walimu na ala ni wale wale.

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, mwandalizi wa shughuli kama hii huiogopa theluji. Nchini Wales, kwa mfano, shirika la vijana la Urdd limekuwa likiendesha mashindano ya kitaifa ya nyimbo na ngonjera tangu mwaka wa 1929. Washiriki wake hupitia duru za mashinani na za kaunti kabla ya fainali ya mwisho wa Mei, na duru hizo za mwanzo huangukia majira ambayo baridi haijaondoka na barabara za milimani zinaweza kuzibwa na theluji. Watu wa huko hawakungoja hali ya hewa iwaonee huruma. Walijifunza kupanga wakiwa na baridi akilini. Swali kwa Bongwe ni hilo hilo: je, inawezekana kuandaa mashindano ya wikendi moja, ya haki na salama, huku mbingu zikiwa zimefunguka?

Jibu ni kwamba inawezekana, ila kwa masharti kadhaa.

Mvua ina ratiba yake

Pwani ya Kusini hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya maji hayo huanguka kati ya Aprili na Juni. Mei ndio kilele. Hata hivyo, mvua ya masika ya Pwani haina tabia moja na ile ya bara. Katika nyanda za juu, mawingu hujikusanya mchana kutwa na kumwaga alasiri au jioni. Huku ufuoni, mvua nyingi huja usiku wa manane na alfajiri, ikasukumwa na upepo wa baharini hadi saa za asubuhi. Ndiyo maana utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kwa ukanda huu mara nyingi huzungumzia manyunyu ya asubuhi na vipindi vya jua mchana.

Mwandalizi anayelifahamu jambo hili hatawaita watoto saa mbili asubuhi kwa sababu tu ndivyo mikutano ya serikali inavyoitwa. Atawaita wafike saa tatu na nusu, na kuanza saa nne. Uamuzi huo mmoja huwaepushia washiriki safari ya matopeni mvua ikiwa ingali inanyesha, na pia huwapa nafasi wale wanaohudhuria madrasa asubuhi za Jumamosi na Jumapili.

Idara hiyo hutoa utabiri wa msimu, wa mwezi, wa siku saba na wa siku moja. Utabiri wa msimu humsaidia mwandalizi kuichagua wikendi. Ule wa siku saba humwambia kama inafaa kuahirisha. Na wa siku moja humwongoza kupanga hema na magari. Kuahirisha si aibu. Mwaka wa 2024, mafuriko yaliyoikumba nchi yaliilazimu serikali kusogeza mbele ufunguzi wa shule kutoka Aprili 29 hadi Mei 6, kisha tarehe hiyo nayo ikafutwa, na hatimaye wanafunzi wakarejea Mei 13. Iwapo taifa zima lilisimamisha masomo kwa wiki mbili, kikundi cha kijiji hakina sababu ya kung'ang'ania Jumamosi moja.

Kwa hivyo, barua ya mwaliko itaje tarehe mbili: ya shughuli yenyewe, na ya akiba endapo hali ya hewa itaharibika. Itaje pia siku na saa ya mwisho ya kutangazwa kwa uamuzi huo, kwa mfano Ijumaa saa kumi jioni, na njia ambayo uamuzi utatangaziwa watu. Mwalimu aliye Msambweni au Kinondo hapaswi kujua kwamba mashindano yameahirishwa akiwa tayari amewapakia watoto garini.

Somo la Mto Enziu

Jambo la kwanza kupangwa linapaswa kuwa usafiri, ingawa katika kamati nyingi huwa la mwisho. Sababu yake iko katika kumbukumbu za taifa. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, karibu na Mwingi katika Kaunti ya Kitui, maji yakiwa yamefurika juu ya daraja. Basi lilisombwa, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Walikuwa waimbaji, wakienda kuimba.

Kwale ina mito na mikondo ya msimu inayoweza kujaa kwa muda mfupi mvua inapopiga milima ya Shimba, hata kama ufuoni jua linawaka. Dereva anayeyaona maji yakipita juu ya barabara hawezi kujua kina chake wala kama lami iliyo chini ingalipo. Wataalamu wa uokoaji wanasisitiza kwamba maji yanayokwenda kasi, hata kabla ya kufika magotini, yanaweza kumwangusha mtu mzima na hata kuliinua gari dogo.

Kutokana na hayo, kanuni ya mashindano iandikwe waziwazi kwamba kikundi kitakachochelewa au kushindwa kufika kwa sababu ya maji barabarani hakitaondolewa mashindanoni. Kitapewa nafasi mwishoni mwa ratiba au siku ya pili. Kanuni hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomwondolea dereva na mwalimu kishawishi cha kujaribu bahati. Mtu huhatarisha maisha ya watoto pale anapoamini kwamba kuchelewa kutawanyima kombe.

Kwa wanaotoka karibu, tuktuk na bodaboda ndizo njia za kawaida. Pikipiki hazifai kabisa kuwabeba watoto watatu watatu kwenye utelezi, wakiwa wamekumbatia ngoma. Ni heri kukodi matatu moja ya kuzunguka vituo vichache vinavyojulikana, ambako watoto watangoja chini ya paa la duka au zahanati badala ya kusimama chini ya mti. Wanaotoka Mombasa wana njia mbili: feri ya Likoni, au barabara ya Dongo Kundu, ambayo tangu ilipokamilishwa imewaondolea wengi foleni ya kivuko.

Paa la makuti au la mabati?

Mashabiki wengi hudhani kwamba hatari kubwa ya mvua ni kuwalowesha watu. Katika mashindano ya muziki, hatari kubwa zaidi ni kelele. Ukumbi wenye paa la mabati usio na dari hugeuka ngoma kubwa mvua inapoanza. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha chini ya mabati anajua kwamba mvua ikizidi, hufunga kitabu na kungoja. Sasa mfikirie msichana wa miaka 14 anayeimba peke yake, bila kipaza sauti, mbele ya majaji watatu walio hatua kumi kutoka jukwaani. Hatasikika. Na asiposikika, atapewa alama za mtu aliyeimba vibaya.

Hapa ndipo haki yenyewe ya mashindano inapotiwa majaribuni. Kwaya ya kwanza imeimba kukiwa shwari, ya pili ikaimba katikati ya dhoruba, ya tatu tena kukiwa shwari. Jaji hawezi kuzilinganisha kwaya hizo tatu kwa uadilifu, hata akiwa na masikio ya aina gani.

Paa la makuti, ambalo kwa mkazi wa Kwale si jambo geni, humeza sauti ya mvua. Matone hufa ndani ya majani. Ukumbi wa makuti ulioezekwa vizuri na wenye mteremko mkali unaweza kuhimili mvua kubwa huku mwimbaji akisikika. Kasoro yake ni kwamba makuti yaliyochakaa huvuja, na yanahitaji kukaguliwa wiki kadhaa kabla, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha. Hema za turubai ziko kati ya hizo mbili: hazipigi kelele kama mabati, lakini hulemewa na maji yakituama juu yake, na upepo wa kusi unaweza kuzing'oa zisipofungwa kwa kamba na vigingi virefu.

Pale ambapo hakuna chaguo ila mabati, dawa ni kanuni. Jaji mkuu apewe mamlaka ya kusimamisha mashindano mara tu mvua inapofunika sauti, na kikundi kilichokuwa jukwaani kianze upya bila kupoteza alama wala dakika. Kipaza sauti kisitumiwe kama suluhisho kwa baadhi tu ya vikundi. Ama wote waimbe nacho au wote waimbe bila.

Hoteli za Diani zina nafasi

Msimu wa mvua huwa na neema moja ambayo waandalizi wengi hawaioni. Kati ya Aprili na Juni, utalii wa Diani hupungua mno. Baadhi ya hoteli hufunga milango ili kufanya ukarabati, vibarua husimamishwa, na kumbi za mikutano hubaki tupu. Viti, hema, vinasa sauti na majenereta ambayo mwezi wa Desemba hayapatikani hata kwa bei ya juu, mwezi wa Mei huwa stoo.

Aidha, wanamuziki wanaowatumbuiza watalii huwa na wakati. Uhusiano wa hoteli na muziki wa Pwani ni wa tangu zamani. Kundi la Them Mushrooms, lililoanzishwa mwaka wa 1972 na ambalo wimbo wake wa Jambo Bwana umezunguka dunia, lilijijengea jina katika hoteli za ufuoni. Mpiga gita au mpiga kinanda aliye nyumbani kwa miezi miwili anaweza kuwafunza vijana kwa wiki kadhaa, kuwa jaji, au kusimamia mitambo.

Lakini msimu huo wa neema kwa mwandalizi ni msimu wa dhiki kwa mzazi. Baba aliyesimamishwa kazi hotelini na mama anayeuza viazi karai kwa wafanyakazi wa hoteli hiyo wote hupungukiwa kwa wakati mmoja. Ada ya kuingia mashindanoni ambayo Desemba ingeonekana ndogo, Mei inaweza kumweka mtoto nje. Busara ni kuondoa ada kabisa na kuomba wadhamini watoe vitu badala ya fedha: ukumbi, chakula, usafiri, vyeti. Hoteli ambayo haiwezi kutoa pesa katika msimu mkavu wa wageni inaweza kutoa ukumbi ulio mtupu bila kupoteza chochote.

Fedha, kwa hakika, ndizo huua tamasha nyingi kuliko mvua. Sauti za Busara, tamasha mashuhuri la Zanzibar lililoanza mwaka wa 2004, hufanyika Februari, wakati wa kaskazi na ukavu, katika Ngome Kongwe na maeneo yanayoizunguka. Waandalizi wake waliikwepa masika. Hata hivyo, mwaka wa 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa wafadhili wa kutosha, ingawa lilirejea mwaka uliofuata. Ikiwa tamasha lenye sifa ya kimataifa liliweza kukwama hivyo, kamati ya kijiji inapaswa kuandika bajeti yake kwa kuanza na mambo matatu yasiyoweza kukatwa, yaani usafiri, paa na chakula, kisha mapambo na fulana zifuate endapo kitasalia kitu.

Ngoma haipendi unyevu

Bongwe ni nchi ya Wadigo, mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda, na hakuna mashindano ya muziki hapa yatakayopata mvuto bila ngoma za asili. Sengenya, mchezo unaojulikana miongoni mwa Wadigo na Waduruma, huunganisha ngoma za ukubwa mbalimbali, zumari na vyuma vinavyogongwa. Kayamba, zile mbegu zinazotikiswa ndani ya matete yaliyofumwa, husikika karibu katika kila sherehe. Chivoti, filimbi ya Kidigo inayopulizwa kwa ubavu, ina wapigaji wachache zaidi.

Nyingi kati ya ala hizi zimeundwa kwa vitu vyenye uhai: ngozi, mti, tete na jani. Hewa ya masika huzibadilisha. Ngozi ya ngoma hunyonya unyevu, ikalegea, na mlio wake ukazama. Ndiyo maana wapigaji wa kale huiota ngoma motoni au kuianika juani kabla ya kuanza. Katika wikendi ya mvua jua halina uhakika, kwa hivyo mwandalizi hana budi kutenga mahali pakavu penye jiko la makaa, mbali na hema na mbali na watoto wadogo, pamoja na mtu mzima wa kulisimamia. Kikundi kitakachopiga ngoma saa nane kinahitaji kuziota ngoma zake saa nane kasorobo. Zikiotwa asubuhi zitakuwa zimelegea tena.

Zumari nayo ina ulimi mdogo wa jani ambao ndio unaotoa sauti. Mpigaji stadi, ambaye huvuta pumzi kwa pua huku akiendelea kupuliza kwa mdomo ili sauti isikatike, atakuja na ndimi za akiba. Kijana anayejifunza huenda asikumbuke. Ukumbusho wa mstari mmoja katika barua ya mwaliko unaweza kuokoa wimbo mzima.

Suala jingine ni idhini. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, ikiwemo Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya Unesco mwaka wa 2008. Mwaka uliofuata, mila na desturi zinazohusiana na kaya hizo ziliorodheshwa kuwa turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura. Zipo nyimbo ambazo wazee hawapendi ziimbwe nje ya mahali pake. Kenya pia ina sheria ya mwaka wa 2016 inayolinda maarifa ya kijadi na tamaduni, ambayo inatambua haki ya jamii kuamua jinsi urithi wake utakavyotumiwa. Kuwaendea wazee kabla ya mazoezi, kuwauliza ni wimbo upi unafaa na kuwaalika wawe miongoni mwa majaji wa kitengo cha asili, ni heshima na pia ni kinga dhidi ya ugomvi.

Hesabu ya saa

Ratiba nyingi huvurugika kwa sababu zilitungwa bila hesabu. Tuchukue mfano wa vikundi 20. Kila kimoja kikipewa dakika 7 za kuimba na 3 za kuingia, kutoka na majaji kuandika, basi kila kikundi kinahitaji dakika 10, na wote wanahitaji dakika 200, yaani saa tatu na dakika 20.

Wakianza saa nne kamili asubuhi, vikundi 15 vitakuwa vimemaliza ifikapo saa sita na nusu. Hapo watu watapumzika kwa saa moja kwa ajili ya swala ya adhuhuri na chakula. Wakirejea saa saba na nusu, vikundi vitano vilivyosalia vitamaliza saa nane na dakika 20. Kutoka hapo hadi swala ya alasiri, inayokaribia saa tisa na dakika 40, kunabaki dakika 80. Hizo ndizo dakika za mvua. Zisiahidiwe kwa mwanasiasa yeyote, wala msanii mgeni, wala hotuba. Mvua isiponyesha, zitatumiwa kwa majaji kuwaeleza washiriki makosa yao, jambo ambalo kwa kijana anayejifunza lina thamani kuliko kombe.

Matokeo yakitangazwa saa kumi, kila mtu atakuwa njiani saa kumi na moja, huku jua likizama mnamo saa kumi na mbili na robo. Siku ya pili, Jumapili, ianze baada ya ibada za kanisani na iwe ya fainali pekee, ili iweze kubeba vikundi vilivyokwama Jumamosi. Mwandalizi aangalie pia kalenda ya Kiislamu, ambayo husogea takribani siku 11 kila mwaka. Idd-ul-Adha iliangukia Juni katika miaka ya 2024 na 2025, na inaendelea kurudi nyuma kuelekea Mei, katikati kabisa ya msimu wa muziki.

Hofu ya wazazi

Sharti la kumaliza kabla ya giza halitokani na mvua pekee. Kwa miaka mingi, wazazi wa Kwale na Kilifi wamelalamikia disko matanga, zile ngoma za usiku kucha zinazopigwa kwenye misiba, ambazo zimehusishwa na mimba za mapema na watoto kuacha shule. Maafisa wa utawala wamezipiga marufuku mara kwa mara. Diani yenyewe ilitajwa katika utafiti wa Unicef na Serikali ya Kenya wa mwaka wa 2006 kuhusu watoto wanaodhulumiwa kingono katika maeneo ya utalii ya Pwani. Mzazi anaposikia neno "muziki" na neno "vijana" katika sentensi moja, ana haki ya kuuliza maswali.

Anayetaka kuaminiwa na mzazi huyo lazima ampe majibu kabla hajauliza. Kila kikundi kiwe na mtu mzima anayejulikana, na penye wasichana awepo mwanamke. Majina ya watoto yahesabiwe wakiingia na wakitoka. Vyoo na vyumba vya kubadilishia mavazi vya wasichana vitengwe na vya wavulana. Picha za watoto zisisambazwe ovyo mitandaoni. Pombe na miraa zisikaribie uwanja. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inaweka maslahi ya mtoto mbele ya mengine yote, na mashindano ya muziki hayako nje ya sheria hiyo.

Vibali navyo vifuatwe mapema. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma na udhibiti wa kelele. Kanuni za kudhibiti kelele zimekuwapo tangu mwaka wa 2009. Chifu, kituo cha polisi na afisi husika za kaunti wapewe taarifa kwa maandishi. Iwapo nyimbo za wasanii wengine zitapigwa hadharani, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ndiyo inayoweza kueleza ni chama kipi kina leseni ya kukusanya mirabaha wakati huo.

Umeme, maji na afya

Waya za umeme na maji ni maadui wa jadi. Jenereta liwekwe nje ya ukumbi, mahali palipoinuka na penye kibanda, ili moshi wake usiwafikie watu na maji yasilifikie. Nyaya zining'inizwe juu badala ya kutambazwa matopeni, na fundi mwenye ujuzi azikague kila mara baada ya mvua. Mwimbaji asisimame miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji huku akishika kipaza sauti. Radi ikisikika, walio nje waingie ndani ya jengo, na wasijikinge chini ya minazi au miembe.

Masika pia ni msimu wa kuhara na malaria. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, mikono ioshwe kwa sabuni, na chakula kipikwe siku hiyo hiyo. Wali na mbaazi za nazi zilizolala huharibika upesi katika joto la unyevunyevu la Pwani. Awepo mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza, na gari moja lisiondoke uwanjani kwa sababu yoyote ila kumpeleka mgonjwa hospitalini.

Kwa nini wajisumbue?

Huenda msomaji akauliza kama shughuli yenye masharti mengi kiasi hiki inastahili kufanywa masika. Kwa nini isingoje Agosti, mbingu zikiwa zimetulia?

Jibu moja ni kwamba fainali za kitaifa za Tamasha za Muziki za Kenya hufanyika Agosti. Kikundi ambacho hakikuimba Mei au Juni hakina tiketi ya kufika huko, wala hakiwezi kuota kuwa miongoni mwa washindi ambao kwa desturi humtumbuiza Rais. Mtoto wa Bongwe anashindana na mtoto wa Nairobi anayefanyia mazoezi katika ukumbi wenye dari na vioo. Mvua ikimkosesha duru ya kwanza, hakushindwa na mwenzake bali na maandalizi mabovu ya watu wazima.

Jibu la pili linawahusu wale ambao hawamo tena shuleni. Masika ni miezi ambayo ufuo hauna wageni, hoteli hazina vibarua na vijana hawana shughuli. Kijana aliye barazani bila kazi mwezi wa Mei hupata wa kumshughulisha, na si wote wanaomjia kwa nia njema. Wiki sita za mazoezi, zikiishia kwa wikendi moja ya kupanda jukwaani mbele ya wazazi wake, haziwezi kumpa ajira. Zinaweza, hata hivyo, kumpa mahali pa kwenda kila alasiri, watu wanaomngoja, na sababu ya kutochelewa.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa Pwani ya Kusini, mawingu hayo hujulikana tarehe zake tangu enzi za mababu. Kamati itakayokutana Februari, kaskazi ikiwa ingali inavuma, itakuwa na miezi mitatu ya kukagua makuti, kuandika barua na kuwaendea wazee. Itakayokutana Mei itakuwa imekutana chini ya mwavuli, na kazi yake ya kwanza itakuwa kuomba radhi.